Raba Nyeupe Ndani ya Mtumbwi

Wazazi wenzangu wa Ifakara, na ninyi wa ng'ambo ya mto, hadithi hii si ya nyumba ya jirani. Ni ya nyumba yangu. Imekwisha kusimuliwa visimani na sokoni, na huko waliipunguza makali kwa kunionea huruma. Mimi siipunguzi.

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka 1956. Mpunga ulikuwa umefika kifuani mwa mtu, masuke yameanza kujaa maziwa. Katikati ya shamba letu bondeni lilisimama dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, na humo aliishi mama mkwe wangu, Bibi Domitila, tangu kupanda mpaka kuvuna. Kamba zenye makopo zilitoka dunguni kwenda pande zote za shamba. Bibi akivuta, makopo yanalia, na kwelea wanaruka wote kwa pamoja. Aliwatukana kwa Kindamba, kisha akaendelea na rozari yake. Chini, kwenye nguzo, ulifungwa mtumbwi. Maji ya Kilombero hayabishi hodi, kwa hiyo mwenye dungu hakai bila mtumbwi. Hata mtoto wa darasa la kwanza hapa kwetu anajua hivyo.

Mwanangu Fridolin alikuwa darasa la kumi. Shule yao ya bweni ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, na wenye makwao karibu walipewa ruhusa kuanzia Jumamosi asubuhi hadi Jumapili jioni. Mnajua desturi yetu: mwanafunzi akija Jumamosi, huenda dunguni kupokea zamu ya kuamia ndege, ili mkubwa aje mjini, aoge maji ya moto, alale kitandani, aende misa.

Desturi hiyo niliivunja mimi. Nilikuwa mwalimu mwenye stashahada, mume wangu karani huko Kilosa, na sikutaka mtoto wa nyumba kama yetu aonekane na matope magotini. Nilimwambia, "Wewe mpelekee bibi chumvi na unga, kisha rudi ukasome." Bibi akakosa misa Jumapili nane mfululizo.

Padre aliniuliza, "Bibi Domitila haonekani?"

"Anaamia ndege, Padre."

"Na kijana?"

"Anasoma," nikajibu, tena kwa sauti ya kusikika na waliokuwa nyuma yangu.

Je, alikuwa anasoma? Jumamosi walicheza mpira, wakaoga mtoni, kisha wakakusanyika kwa rafiki yake Hermenegildi, ambaye baba yake alikuwa na gramafoni. Walipaka raba zao chaki nyeupe, wakavaa suruali pana, wakafundishana hatua za dansi wao kwa wao, wavulana watupu, huku mmoja akijifanya msichana. Hapo sioni dhambi. Kijana aliyefungiwa wiki nzima na vitabu lazima acheke mahali. Dhambi ilianza waliposikia kuna dansi la alasiri katika kijiji kimoja cha ng'ambo, upande wa Lupiro, nao hawana chombo cha kuvukia. Fridolin akaniaga kwamba anakwenda kulala Mlabani, kwa kina Hermenegildi, wasome pamoja. Nikampa na taa yangu nzuri.

Waliyozungumza dunguni nilisimuliwa baadaye na wote wawili, bibi na mjukuu, na hawakupishana neno.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo raba nyeupe! Unakwenda kuoa mke wa pili?"

"Aa, bibi, nani atakufikia wewe?"

"Mwongo huyu. Na mwenzako amebeba jeneza la nani?"

Hermenegildi akacheka. "Ni gramafoni, bibi."

"Basi lipige hapa, ndege wakimbie nami nipumzike."

"Tuna haraka," alisema Fridolin. "Tunaazima mtumbwi, tunavuka mara moja. Kabla ya jua kutua tumerudi."

Bibi alitazama milima ya upande wa Mang'ula. "Kule kumefunga, mume wangu. Mvua ikinyesha kule, maji yanakuja huku."

"Bibi, sisi tumesoma jiografia."

Akawapa kasia.

Dansi lilikuwa zuri, nasikia. Walikunywa pombe ya kienyeji kwa vibuyu, na mwanangu akasifiwa kwa miguu yake. Jua lilipoelekea kutua walishuka mtoni, wakakuta mto umepanda na mtumbwi haupo. Waliufunga ovyo kama watu wanaofunga mbuzi, kwa haraka ya kuwahi muziki. Mvua ikaanza. Walilala huko. Jumapili wakavushwa na watu, mbali na shamba letu, wakashika njia ya shule moja kwa moja. Nilipomuuliza baadaye, "Hukumfikiria bibi?" alijibu, "Nilimfikiria, mama. Ndiyo maana sikupita kule." Jibu hilo sijalisahau.

Bibi yeye aliona maji yakipanda nguzo kidogo kidogo mpaka yakalowesha sakafu ya dungu. Akajifunga kwa kanga kwenye mti wa katikati. Alikaa hivyo usiku wa Jumamosi, mchana wa Jumapili na usiku wake, bila moto, unga wote umelowa. Mpunga ukalala chini ya maji. Mimi mjini sikuhangaika, nilijua ana mtumbwi.

Jumatatu asubuhi nilisikia kelele, nikakimbilia ukingoni. Teofili, mvuvi ambaye watu walimfahamu kwa samaki wake aina ya kitoga na kwa ukimya wake, alikuwa amemleta. Bibi alitetemeka meno yakigongana, miguu imevimba na kuwa myeupe.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu," alisema Teofili.

Sikuitikia. Nilikuwa naangalia mtumbwi. Ubavuni ulikuwa na msalaba aliouchonga marehemu baba mkwe wangu.

"Mtumbwi huu umeupata wapi?"

"Nimeukuta umenasa kwenye matete jana jioni. Leo nikawa naurudisha dunguni, ndipo nikamwona mzee."

"Umenasa! Ulijifungua wenyewe, ukaenda matembezi?"

"Mwalimu, mzee ana baridi. Tumpeleke kwanza, utanitukana njiani."

Watu wakacheka kidogo, na kicheko kile kilinipandisha hasira. Nikamwita mwizi mbele yao wote. Nikasema amemwibia kikongwe chombo chake, na maji yalipozidi akaogopa damu, akajifanya mwokozi. Mtu yule alikuwa amembeba mama mkwe wangu mgongoni wakati nasema hayo.

Jumatano tulisimama barazani kwa jumbe Kelestini. Bibi alikuwa bado na homa kali, hasemi la kueleweka. Teofili hakujitetea sana. Alifungua kitambaa akatoa raba moja, nyeupe, imejaa matope.

"Hii nimeikuta ndani ya mtumbwi, chini ya ubao. Mimi sina raba, jumbe. Na mguu wangu huu, tazameni wenyewe, utaingia humo?"

Jumbe akanipa raba ile. Ndani, kwenye ulimi wake, palikuwa na namba 41 kwa wino. Ni namba ya Fridolin shuleni. Ni mwandiko wangu. Niliiandika mimi mwenyewe siku ya kufungua shule.

"Mwalimu, unaijua?"

Ndugu msomaji, ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Nilifikiria shule itakavyomfukuza, na Padre, na wale waliosimama nyuma yangu kanisani. Nikasema, "Raba ni raba. Wanafunzi wako wengi."

Teofili alinitazama, akainamisha kichwa. Nafikiri alielewa palepale. Jumbe akaahirisha shauri wiki moja, akaniachia raba nikaiulizie shuleni, akaamuru nyavu za Teofili zikae kwake mpaka hapo. Siku zile zote watoto wa mvuvi walikula ugali kwa chumvi, na mimi nilifundisha Amri za Mungu darasani kila asubuhi.

Homa ya bibi ilishuka Ijumaa. Nikamuuliza nani alichukua mtumbwi. "Niliufunga vibaya mwenyewe," akasema. Nikamwonyesha raba. Akageukia ukuta. "Mume akikosea, mke hamwaniki barazani. Niache."

Jumamosi Fridolin alikuja, akakuta raba mezani. Sikumpiga. Alieleza yote akiwa amesimama, hata raba: alizivua mtumbwini zisilowe, moja ikateleza chini ya ubao, akacheza peku. Mwisho akauliza, "Umewaambia?" Nikalazimika kumjibu mtoto wangu kwamba nilidanganya mbele ya baraza. Tulitazamana, na sikuona tofauti kubwa kati yetu.

Jumapili baada ya misa nilisimama nje ya kanisa, mwanangu kando yangu, nikaomba watu wasiondoke. Nilisema kila kitu: dansi, mtumbwi, raba, namba, mwandiko. Kisha nikapiga magoti kwa Teofili. Nilitegemea atasema, "Yamekwisha, mwalimu." Hakusema.

"Nyavu zangu zirudi leo," alisema. "Na mtoto aje Jumamosi. Shamba langu liko juu kidogo, mpunga umepona, ndege bado wapo."

Fridolin alikwenda kila Jumamosi mpaka mavuno, na Hermenegildi akamfuata na lile gramafoni. Wavuvi wakipita walisikia dansi likipigwa dunguni na makopo yakiitikia. Kwelea walikimbia kweli, kama bibi alivyosema. Huo ndio mchezo ambao ningeweza kumpa mwanangu tangu mwanzo, bila hasara kwa mtu.

Bibi Domitila hakupanda dungu tena. Miguu yake ilikataa. Sasa hubebwa kwenda misa, na anayembeba ni Fridolin. "Polepole, mume wangu," humwambia, "mkeo ni mzito." Watu hucheka. Mimi hutembea nyuma yao.

Teofili huitikia salamu yangu. Hajawahi kuanza yeye.

Mafunzo ya hadithi hii

Vijana wa shule wana haki ya kucheza siku za mapumziko. Mpira, muziki na dansi havijamuua mtu. Lakini kijana asiye na zamu nyumbani hajui furaha yake inalipiwa na nani. Mzazi, usimwondolee mwanao kazi ya nyumba kwa sababu amesoma, ukamwachia kikongwe. Waulize wanao wako wapi Jumamosi, kisha nenda ukaone. Na ukimkuta na kosa, usilifunike kwa kumvika mtu mwingine. Mwanangu aliacha mtumbwi ukachukuliwa na maji kwa upumbavu wa ujana. Mimi nilikuwa na raba mkononi, mwandiko wangu ndani yake, na nilikuwa na akili zangu timamu.