Jumamosi Tunayocheza Nyumbani

Mwanamume aliyeachana naye Julai alikuwa anakuja moja kwa moja, kainua sinia la kuku wa kukaanga juu ya vichwa vya watu, na Maribeth Lassiter hakuwa na pa kukimbilia. Nyuma yake hema, mbele yake bendi ya chuo inapita, kushoto na kulia watu wamebanana chini ya mialoni ya Oxford. Visigino vyake vilizama kwenye nyasi. Huku kwetu Mississippi watu hula kwenye mahema kabla ya mechi ya chuo ya mpira wa Kimarekani, na huivalia kama wanaokwenda harusini, gauni na tai, hata jua liwake namna gani.

"Baba, twende uwanjani," alisema.

"Bado kidogo, binti yangu. Viti havikimbii."

Mzee Boyd alikuwa ameendesha gari kutoka Memphis tangu alfajiri, na njia nzima binti yake alibadilisha stesheni za redio na kuchungulia simu. Tiketi aliyopewa binti ilikuwa ya rafiki wa mzee aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri. Mzee hakujua kama watamkuta Tate, huyo mwenye sinia. Angejua angesema, maana mdomo wake hauna breki. Alichojua ni kwamba leo mkuu wa shule moja ya Portland, upande wa pili wa nchi, angepiga simu kuuliza kama Maribeth anakwenda kufundisha muziki kule au haendi. Kazi hiyo aliiomba kwa hasira. Sasa hasira imepoa na kazi imepatikana.

Tate Hargrove, mfamasia wa mjini hapo, alisimama mbele yake. Tai nyekundu, shati jeupe limelowa jasho mgongoni.

"Umependeza, Beth."

"Kuku wanapoa."

"Acha wapoe."

Ugomvi wao ulikuwa wa maneno mawili. Maribeth alichagua kufunga ndoa hapo Oxford Jumamosi ya tatu ya Oktoba, kwa kuwa Jumamosi kama hiyo ndipo walipokutana. Tate akatazama kalenda, akasema, "Tunacheza nyumbani." Basi. Maribeth akavua pete, akaiweka juu ya friji na kurudi Memphis. Simu za Tate hakupokea hata moja. Mnaomcheka mngojee kwanza. Siku aliyozaliwa, baba yake alifika hospitali baada ya mechi kwisha. Nyumbani kwao kisa hicho husimuliwa kila Krismasi na watu huvunjika mbavu. Maribeth hajawahi kukicheka.

"Nilikuwa nazungumzia vyumba," Tate alisema. "Siku ya mechi mji huu haubaki na kitanda. Shangazi zako wangelala wapi, kwenye gari?"

"Ungesema vyumba."

"Nilidhani nimesema. Hapa ukisema tunacheza nyumbani, kila mtu anaelewa."

"Mimi nilielewa nimeshindwa na mpira. Tena."

Mzee Boyd, aliyejifanya anachagua yai kwenye meza ya jirani, hakuweza kuvumilia. "Hata mimi ningeelewa vyumba," alisema. "Halafu leo Portland wanataka jibu."

Tate aliweka sinia chini. Aliuliza Portland gani, akaambiwa. Kisha akaeleza, harakaharaka na bila mpangilio, kwamba tangu Agosti anaomba vitanda. Kaomba kwa majirani, kwa wanakwaya, kwa mchungaji, kwa wazee wanaokuja dukani kuchukua dawa za presha. Mji mzima unajua. Shangazi zake wote wana pa kulala.

"Unaomba vitanda kwa harusi iliyovunjika? Una wazimu?"

"Kidogo. Ningekaa bure ungezidi. Nakupenda. Ukitaka Portland, nenda. Ila usiende kwa sababu mimi sijui kuongea."

Maribeth alijua kwamba tangu Julai amekuwa akimngoja huyuhuyu, na alijionea huruma na aibu kwa pamoja.

Mahema yalikuwa yamebaki matupu. Watu wote wameshaingia uwanjani. Simu yake ikalia. Alimtazama Tate, akamtazama baba yake, akapokea. Alimshukuru yule mkuu wa shule, akamwomba radhi, akasema hataweza kuja kwa kuwa anaolewa mwezi ujao. Tate aliketi palepale kwenye nyasi na suruali yake nzuri, akajifunika uso kwa mikono.

Wakati huohuo uwanja ulilipuka. Mpira wa kwanza ulikuwa umepigwa, na kwa kusikia kelele zile, mchezaji wetu alikuwa anakimbia nao peke yake.

Mzee Boyd alikuwa amesimama, mkoba wa binti yake mkononi, uwanja uko mgongoni kwake. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Baba," Maribeth alisema, "mechi imeanza."

"Najua," alisema mzee, na hakugeuka.