Dawa Ifike Kichwani

Asubuhi ile nilikuwa napika kisra, mikate myembamba ya mtama. Ihsan, jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, akaja mbio, hana hata viatu.

"Dada Awadia, mwanangu Tasabihi ana degedege."

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Nikachukua mkoba wangu wa dawa, nikamfuata.

Nilichokikuta kilinipandisha hasira. Mtoto wa miaka minne amelala chali, macho yamegeuka, hajitambui. Baba yake, Idrisi, amesaga vidonge vya malaria ndani ya kombe la shehe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini. Anamnywesha kwa kijiko, na maji yanarudi puani.

"Acha hiyo. Unamuua mwanao."

"Ni dawa na dua pamoja," akasema. "Kosa liko wapi?"

"Dua omba wewe kwa mdomo wako. Huyu hawezi kumeza. Hayo yanaingia mapafuni."

Nikamlaza mtoto kwa ubavu. Nikatoa dawa ya malaria ya kuweka njia ya haja kubwa. Idrisi akanishika mkono.

"Ugonjwa uko kichwani, wewe unahangaika na makalio? Tena ya binti yangu? Huna haya?"

"Haya weka pembeni, Baba Tasabihi. Vijidudu vya malaria viko ndani ya damu. Vimenasa kwenye mishipa myembamba ya ubongo, vimeziba njia. Dawa ikinyonywa huku chini inaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoipeleka mpaka kichwani."

Ihsan akamsukuma mumewe. "Mpishe. Ukitaka kuona haya, kaone nje."

Nikaweka dawa. "Hii ni ya kumshikiza tu," nikawaambia. "Apelekwe hospitali sasa hivi, achomwe sindano ya mshipa."

Idrisi akatoka mwenyewe kutafuta gari.

Siku ya tatu nilikwenda wodini. Tasabihi amekaa kitako, anagombana na nesi. Sindano zilikuwa zimefanya kazi. Sasa aliweza kumeza, kwa hiyo alipewa vidonge vya kumaliza dozi.

Idrisi hakunishukuru. Alinikazia macho.

"Miaka sita wewe ni jirani yangu, na mkoba huo unao. Mbona hukutuambia haya mpaka mwanangu anakata roho?"

Nilikuwa nawakasirikia watu kwa kutojua mambo ambayo sikuwahi kuwafundisha.

Siku hizi kila Jumamosi mimi hukaa na kina mama, Idrisi hukaa na wanaume, tukiwafundisha haya. Tangu hapo watoto wawili wamepata degedege. Waliletwa kwangu mbio, hawajanyweshwa kitu. Wote wawili wako hai.