Mgongo wa Kadi

Kila Jumamosi mchana, baada ya kuosha vyombo, Bezawit alifungua pochi nyeusi ya kadi za kamera. Mama yake, Weyinshet, alikuwa mpiga picha wa harusi mjini Debre Birhan. Bezawit, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyehamishia picha kwenye kompyuta, akafuta kadi na kuzipanga upya. Kadi tupu ilikaa uso juu, iliyojaa ikakaa uso chini. Hakuwahi kukosea, na sifa za jirani zilikuwa zimeanza kumpanda kichwani.

Mwezi huo Mama alikuwa amepata kamera kubwa ya kazi. Ilikuwa na nafasi mbili za kadi. Ya kwanza ilimeza kadi nene ya mraba, na ya pili kadi nyembamba. Kila picha iliandikwa kwenye kadi zote mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki.

"Ya mraba ninayo," Mama alisema. "Nenda dukani kwa Gashe Tilahun ukaniletee nyembamba ya kasi, ya harusi ya kesho. Usidanganywe na uso wake, uso una maneno mengi. Igeuze! Mgongoni iwe na mistari miwili ya vibati vya dhahabu. Ya mstari mmoja inaandika polepole, hiyo si yetu."

"Nimesikia, Mama."

Dukani, Gashe Tilahun aliweka kadi mbili juu ya kioo. Moja ilikuwa na namba 64 usoni, nyingine 256. Nje, Hiwot, rafiki wa Bezawit, alikuwa akirukaruka kwa baridi.

"Bezi! Umeolewa humo ndani? Toka, naganda huku!"

Bezawit alizitazama zile namba. Mia mbili hamsini na sita ilimpendeza. Nani angeacha kubwa akachukua ndogo?

"Mama yako amesema ipi?" Gashe Tilahun aliuliza.

"Hii kubwa," alijibu, akatoka mbio.

Mlangoni kwao ndipo alipokumbuka kuigeuza. Mstari ulikuwa mmoja. Duka lilikuwa bado wazi, na mwendo ulikuwa wa dakika tano tu. Lakini ndani, Mama alikuwa akimmiminia jirani kahawa huku akisema, "Binti yangu huyu hakosei. Namwamini kuliko miwani yangu."

"Umeigeuza?" Mama aliuliza.

"Ndiyo."

"Mistari?"

"Miwili."

Neno lilitoka kirahisi mno. Mama akaichukua kadi na kuitia ndani ya kamera bila kuitazama.

Jumapili asubuhi nyumba ya bibi harusi, Mahilet, ilijaa watu. Bezawit alisimama nyuma ya Mama, amebeba mfuko wa kamera. Kabla ya kuondoka kwao, Mahilet alipaswa kupiga magoti mbele ya bibi yake, ayabusu magoti ya mzee huyo na apokee baraka. Bibi huyo, Emama Atsede, alikuwa ameletwa kutoka Menz akiwa amelazwa kwenye godoro ndani ya gari. Moyo wake ulikuwa umechoka.

"Dada Weyinshet," Mahilet alikuwa amesema mapema, "picha nyingine zote zikosekane, lakini hiyo naomba niipate. Sijui kama nitamkuta tena."

Maharusi waliingia kwa vigelegele. Mama alipiga picha mfululizo: mlangoni, maua, machozi ya shangazi. Mahilet akapiga magoti. Akainama, na mikono ya Emama Atsede ikaanza kuinuka.

Kamera ikanyamaza.

Mama alibonyeza tena. Kimya. Nyuma ya kamera, taa nyekundu ilikuwa inawaka. Ile kadi nyembamba ilikuwa imezidiwa na picha, na kadi ya mraba, pamoja na kasi yake yote, ililazimika kuingoja.

"Ina nini hii?" Mama alinong'ona.

Bezawit alijua ina nini. Hakuweza kuichomoa kadi. Ukiichomoa wakati taa inawaka, picha zilizomo zinaweza kuharibika. Hakuweza kumwomba Emama Atsede asubiri, kwani baraka zilikuwa zimeshaanza. Alisimama tu akiitazama ile taa na kuiomba izime. Emama Atsede alimwekea Mahilet mikono kichwani, akamwombea watoto na amani, akamtemea mate ya baraka mara tatu. Watu wakaitikia, "Amina!" Mahilet akainuka akilia.

Ndipo taa ilipozima.

Mama aliitoa kadi na kuigeuza. Akautazama ule mstari mmoja, kisha akamtazama binti yake. Bezawit alitamani hata afokewe.

"Ni mimi," alisema huku akilia. "Niliona mstari mmoja, nikasema miwili. Dada Mahilet, picha yako haipo. Nisamehe."

Mahilet akamgeukia bibi yake. "Emama, hatuwezi kurudia?"

Mwanamke mzee alitikisa kichwa. "Baraka ya magoti si wimbo wa kurudiwa, mwanangu. Nimeshaitoa, ni yako." Kisha akamgeukia Bezawit. "Lakini huyu anayelia bado sijambariki. Njoo hapa, wewe mharibifu. Mahilet, nishike mkono huu, umekuwa mzito."

Bezawit alipiga magoti. Mama alibakiza kadi ya mraba peke yake, akainua kamera. Safari hii haikunyamaza.

Baada ya wiki mbili Mahilet alikuja kuchagua picha. Aliichagua hiyo kwa ukurasa wa kwanza. Emama Atsede anaomba huku amefumba macho, na Mahilet katika gauni jeupe ameshika mkono wake. Chini ya mkono huo, mahali ambapo kingekuwa kichwa cha bibi harusi, kuna kichwa cha Bezawit.

"Nimeridhika," Mahilet alisema, ingawa alikitazama kichwa hicho kwa muda mrefu.

Alipoondoka, Mama alimketisha Bezawit kando yake.

"Kuchagua kadi mbaya kulikuwa kosa la dakika tano," alisema. "Ungerudi dukani, yangeisha. Neno 'miwili' ndilo lililotuponza. Vile vibati ningeweza kuvihesabu mwenyewe, mwanangu. Sikuvihesabu kwa sababu nilikuwa na neno lako. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado kuna la kufanya."

Akaweka pochi nyeusi mapajani mwa binti yake. Bezawit aliifungua, akatoa kadi mpya nyembamba, akaigeuza na kuhesabu kwa sauti. Kisha akampa Mama.

"Hesabu na wewe," alisema.