Dirisha Nililolifanya Mlango

Jioni ile nilirudi Rughenda, mtaa wa Butembo, kumwagilia simenti maji. Basi, hakukuwa na kingine. Simenti mpya isipopewa maji asubuhi na jioni inapasuka, na ikipasuka watu wanasema fundi ameiba nusu ya mfuko. Nawajua watu wa Butembo. Mji mzima unajua kuuza. Kujenga hawajui, lakini kila mmoja ana neno la kumwambia fundi.

Mimi ni Éliakim. Nimejenga miaka kumi na tisa, kuanzia Mavivi hadi huku. Kama kuna mtu niliyemdharau kuliko ingénieur ambaye hajawahi kushika mwiko, ni mwenye nyumba anayeamini mizimu. Na pale Rughenda ndiye niliyempata.

Aliitwa Kavugho. Mume wake, Zorobabel, msafirishaji wa mizigo, alikuwa na wiki tano kaburini. Sikuwahi kumwona mtu huyo akiwa hai. Nilikuwa na kazi huko Mangina alipougua na alipokufa. Walimzika chini ya mikaratusi, nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

"Kila jua ikizama anakuja," Kavugho aliniambia siku ya kwanza. "Anapiga hodi mara tatu kwa mulango ya mbele. Anaita Précieuse."

Précieuse alikuwa binti yake wa pekee, miaka sita.

"Na munamujibu?"

"Tunanyamaza. Mbele ya kufa alisema haendi bila mutoto." Akauonyesha mlango wa mbele kwa kidole. "Maçon, ile mulango uifunge na matofali, ufungue ingine fasi ingine. Mufu anajuaka tu mulango yake."

Nilimtazama. Mwanamke mwenye duka la vitambaa na simu mbili mkononi, anasema maneno kama hayo bila haya!

"Na hapana onyesha mutu fasi mulango mupya iko. Akikuuliza, unyamaze."

"Hata padiri?" nilimchokoza.

"Hata padiri."

Hakucheka. Nilicheka mimi, kimoyomoyo, na kazi nikaikubali.

Yeye alitaka mlango ufunguliwe ukuta wa nyuma, karibu na jiko la nje. Nikamkatalia. Katika nyumba ile ukuta wa mbele na wa nyuma ndizo zilizobeba paa. Ukitoboa pale bila kuweka nguzo, mabati yanakushukia kichwani. Ukuta wa pembeni ulijibeba wenyewe tu. Tena ulikuwa na dirisha, na dirisha lina linto yake tayari, yaani ule mhimili wa zege unaolala juu ya uwazi ili matofali ya juu yasianguke. Unavunja sehemu ya chini ya dirisha mpaka kwenye msingi, unaweka fremu, una mlango. Siku mbili. Mjinga angetumia wiki.

Lilikuwa dirisha la chumba cha Précieuse. Kwangu halikuwa neno. Ukuta ni ukuta.

Nilipopachika fremu, Kavugho alichuchumaa mbele ya mtoto. "Hodi ikitoka ku mulango ya mbele, unyamaze. Ikitoka hapa, ni mutu yetu. Umujibu. Umesikia?" Mtoto akaitikia kwa kichwa. Nikaendelea kupiga misumari, nikiona aibu kwa niaba yao.

Haya. Jioni ile, basi, nilifika na ndoo yangu. Jua lilikuwa linazama. Kavugho alikuwa jikoni nyuma, nilisikia akisonga bugali. Nikazunguka mbele.

Mtu alikuwa amesimama pale palipokuwa na mlango.

Alikuwa anapapasa matofali mapya kwa kiganja. Polepole... kama kipofu. Alivaa suti nyeusi na viatu vinavyong'aa. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, njia zote tope tupu, na viatu vile havikuwa na tone. Alinukia kitu kikali, nikadhani ni vernis, ile rangi ya seremala ya kung'arisha mbao.

Suti, viatu, anapapasa ukuta. Nikajua moja kwa moja: ingénieur. Kavugho ameleta mtu wa diplome kunikagua mimi.

"Mulango iliendaka wapi?" aliuliza. Alinong'ona.

"Niliifunga."

"Juu ya nini?"

"Mwenye nyumba alitaka. Weye unatoka bureau gani?"

"Mbali kidogo..." Hakunigeukia, niliona ubavu wake tu. "Sasa batu banapitia wapi?"

Nilikumbuka maneno ya Kavugho. Sitasema nilisahau, niliyakumbuka vizuri sana, nikayacheka. Mzimu gani huo unaokuja na suti kukagua ujenzi?

"Kwanza uangalie," nikamwambia. "Hii ukuta inabeba paa. Na ya nyuma vile vile. Donc haikuwezekana kufungua huko. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Nilipitia pembeni. Kulikuwa dirisha, na linto yake."

"Linto njo nini?"

Ingénieur hajui linto! Nilifurahi, nakwambieni. Miaka kumi na tisa watu wa aina hii wamenipita barabarani kwa magari yao, kalamu mfukoni, na leo mmoja anasimama mbele yangu hajui hata linto. Nikamshika... hapana, sikumshika. Nilinyoosha mkono kumshika bega, nikaurudisha. Baridi ilitoka kwake kama inavyotoka shimoni unapochimba msingi.

"Kuya nikuonyeshe," nikasema.

Nikampeleka mpaka kwenye kona ya nyumba. Nikamwonyesha kwa kidole, bila haraka, kama mwalimu wa darasa la kwanza: linto ile, fremu hii, kizingiti hapa chini ambacho simenti yake bado mbichi, usikanyage. Hata bawaba nilimwonyesha. Nilimwambia mlango unasukumwa kwa ndani.

"Na ndani ni chumba ya nani?"

"Ya mutoto."

Jikoni, bugali ilikuwa imekwisha kusongwa, sikusikia kitu.

"Aksanti, fundi," akasema. "Umefanya muzuri sana."

Akanipita kuelekea mlangoni. Ndipo nilipouona mgongo wake.

Koti lilikuwa limepasuliwa kuanzia chini mpaka kwenye kola. Limekatwa kwa mkasi, mstari mmoja ulionyooka, na shati la ndani vile vile. Jambo la kwanza kunijia, Mungu anisamehe, lilikuwa kicheko. Tazama ingénieur wa makaratasi, hana hata koti zima.

Halafu nikakumbuka mahali nilipoliona koti la namna hiyo.

Morgue, nyumba ya maiti. Siku tuliyomvalisha baba mkwe wangu. Maiti imekakamaa, mikono haikunjiki, basi suti inapasuliwa nyuma ili iingie. Na ile harufu haikuwa vernis. Ilikuwa formol, dawa ya kuzuia maiti isioze.

Nilitaka kupiga kelele. Mdomo ulifunguka. Hakikutoka kitu.

"Hodi..."

Sauti ilikuwa ya upole. Ya baba anayerudi kutoka safari.

"Hodi..."

Nyamaza, mtoto. Nyamaza, nakuomba.

"Hodi."

Na kutoka ndani, sauti nyembamba, yenye furaha, ya mtoto aliyefundishwa vizuri:

"Karibu!"

Ndoo ilinitoka mkononi. Nilipoweza kutembea, mlango ulikuwa wazi na kitanda kitupu. Juu ya simenti mbichi ya kizingiti kulikuwa na nyayo mbili ndogo, vidole vikielekea nje. Alama ya kiatu haikuwepo, ya kuingia wala ya kutoka.

Kavugho alikuja mbio, mikono imejaa unga. Alizitazama zile nyayo, akapiga yowe moja, akakimbilia kwenye mikaratusi. Précieuse alikuwa ameketi juu ya kaburi, macho wazi, mwili unawaka moto. Hakusema neno tena. Siku ya tatu alikufa.

Muuguzi alisema ni malaria. Na malaria ipo, siwezi kubisha. Watoto wangapi hutoka kitandani wakiwa na homa, wakatembea bila kujua? Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini tangu siku hiyo hodi ya jioni haikusikika tena katika nyumba ile.

Kwenye kilio nilikaa mwisho kabisa wa benchi. Kavugho alikuja mwenyewe, akasimama mbele yangu. Alikuwa amekonda kwa siku nne tu.

"Éliakim. Uniambie kweli. Kuna mutu ulionyesha ile mulango?"

Watu walikuwa wanaimba. Nilitazama viatu vyangu vya kazi, vilivyokaukiwa na tope.

"Hapana, mama. Hakuna mutu."

Aliitikia kwa kichwa. Aliniamini. Yule mwanamke niliyemwona mjinga tangu siku ya kwanza aliniamini mara moja, bila kuuliza mara ya pili.

"Basi njo miye," akasema. "Njo miye nilimufundisha ajibu. Njo miye nilimuua mutoto yangu."

Alingoja. Neno moja langu lingetosha kumtua mzigo ule. Nilikuwa nalo mdomoni.

"Pengine, mama," nikasema. "Pengine njo vile."