Vibendera Vyekundu Shambani

Maiti ililala kifudifudi katikati ya matuta, visikio vya kusikilizia mashine bado vimeziba masikio. Kando yake mashine ya kutambua metali ilikuwa ikilia kwa mbali, betri ikikata roho. Dereva wa trekta aliyeikuta asubuhi ile alikaa chini, hataki hata kuangalia upande ule.

"Ni Sumaku," alisema. "Nani hamjui? Kila Jumamosi yuko kwenye mashamba ya watu akitafuta vyuma vya kale."

Inspekta alipiga magoti. Kisogo kilikuwa kimepasuliwa kwa pigo moja la kitu bapa. Wizi? Mwizi gani huyo wa kuacha mashine, saa ya mkononi na mfuko uliotuna? Mfukoni mlikuwa na vibahasha vyenye vyuma vidogo, kila kimoja kimeandikwa kwa penseli idadi ya hatua kutoka mpakani na kina cha shimo.

"Afande, njoo uone," koplo aliita.

Shamba zima lilikuwa na vishimo vilivyofukiwa vizuri. Kando ya kila kishimo palikuwa na tundu jembamba la kupita waya. Kitu kilichomekwa pale, kisha kikang'olewa. Walihesabu matundu arobaini na moja.

Mwenye shamba alikuwa shemeji wa marehemu, mume wa dada yake. Alihojiwa mlangoni kwake, kofia mkononi.

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jana alasiri. Nilimruhusu apite shambani kabla hatujapanda."

"Mligombana?"

"Na Sumaku? Afande, huyo ndiye aliyenisimamia harusi yangu."

"Alichomeka nini kwenye yale matundu?"

"Sijui."

Jibu lilikuja haraka mno. Inspekta aliwaachia askari kazi ya kupekua ghala, yeye akaenda na vile vibahasha makumbusho, ambako Sumaku alizoea kupeleka vitu vyake vitambuliwe.

Mtaalamu wa mambo ya kale, mama mtu mzima, alivimwaga vibahasha mezani na kugeuza kila kitu chini ya kioo cha kukuzia.

"Nati ya trekta. Kiatu cha punda. Hii nilidhani sarafu, kumbe kifungo cha suruali." Alivua miwani akajifuta macho. "Takataka tupu. Maskini, alikuwa akiniletea hata hizi, basi tunacheka."

"Shambani huchomeka nini?"

"Vibendera vyekundu. Maana yake hapa hamna kitu, tusichimbe tena. Akipata kitu cha kale kweli haweki alama yoyote. Anafukia na kuja kwangu kimyakimya, wezi wasinuse."

Simu ya inspekta ililia. Alikuwa koplo: vibendera arobaini na moja vimepatikana kwenye gunia la mbolea nyuma ya ghala, pamoja na beleshi lililooshwa. Mpini ulikuwa na damu bado.

Kwenye chumba cha mahojiano, inspekta alimpa mwenye shamba onyo la kisheria, kisha akapanga mezani nati, kiatu na kifungo.

"Vitu alivyovipata kwako ni hivi tu. Mtaalamu ameviangalia. Takataka."

Mshukiwa alivitazama. "Na vile vibendera?"

"Ndiyo alama yake ya takataka. Vyote."

Mtu yule alifunika uso kwa viganja. Alipoanza kusema, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Mwaka juzi walipata vyungu na mikuki kwa jirani yangu. Watu wa serikali wakachomeka vibendera vyekundu, vilevile. Wiki iliyofuata wakazungusha uzio. Leo jirani amepanga chumba kimoja na watoto watano. Jana jioni nilirudi nikakuta shamba langu lote jekundu. Ndilo aliloniachia baba, sina jingine. Nikajua kwisha habari yangu."

"Hukumuuliza?"

"Nilimwita! Mara tatu. Hakugeuka. Nikasema kumbe shemeji ameniuza, na sasa ananidharau."

"Alikuwa na visikio masikioni," inspekta alisema taratibu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema umuulizeje mtu asiyekusikia. Ila hatua kumi zaidi na kumgusa bega zingetosha, na wote wawili mle chumbani walilijua hilo. Mwenye shamba alitia sahihi maelezo yake huku machozi yakilowesha karatasi.

Nje, kwenye benchi la mapokezi, mkewe alikuwa akingoja na sweta mapajani. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kumlilia kaka yake.

"Nimemletea mume wangu, humu ndani kuna baridi," alisema. "Mmemaliza naye, afande? Ndiye wa kupanga mazishi. Kaka yangu hakuwa na mwanamume mwingine wa kumzika."

Inspekta alikuwa na miaka ishirini na mbili kazini. Siku hiyo alitamani kesi ile ingemshinda. Alilipokea sweta, akaketi kando ya yule mama, akamwambia.