Mtu Aliyesimama Karibu na Koili

Namba ilikuwa imeshuka tena. Asger Munk aligonga kioo cha kipimo kwa ukucha, akapima upya, akapata ile ile. Jana jioni aliiacha koili yake imeoanishwa sawasawa; leo asubuhi, hata kahawa haijamtulia tumboni, imeshuka kama asubuhi tatu zilizopita.

Aliyewahi kuunda kwa mikono yake koili ya Tesla, ile mashine ya kurusha cheche za umeme hewani, ataelewa kilichomkera. Ule mnara, mizunguko elfu moja ya waya mwembamba juu ya bomba la plastiki na duara la bati kichwani, una sauti yake moja tu, ndiyo ile namba ya kipimo, na koili fupi ya shaba iliyo chini lazima ioanishwe na sauti hiyo ndipo cheche ziruke. Sasa mtu akisogea karibu, mwili wake tu unatosha kuishusha sauti ya mnara. Na kipimo kilikuwa kikisema, siku ya nne mfululizo, kwamba kuna mtu amesimama pembeni ya mnara. Ghalani hakukuwa na mtu ila Asger, naye alikuwa amesimama mbali.

Alikuwa fundi umeme miaka arobaini huko Jutland magharibi. Fundi wa namna hiyo ukimwambia habari za mizuka atakucheka. Kitu kikiharibika anatafuta mkono wa binadamu. Na mkono alioushuku ulikuwa wa mkewe.

Vibeke hakuipenda koili tangu siku ya kwanza, na haki alikuwa nayo. Chini ya mtulinga wake wa kushoto kulikuwa na kile kifaa cha betri kinachousukuma moyo, na daktari alimweleza bila kuficha: akiikaribia mashine ya mumewe inapowaka, kifaa kinaweza kupotea njia na moyo ukasimama. Basi wakapatana. Ghala la Asger, nyumba ya Vibeke, na kabla ya kuwasha, Asger hupiga ile simu ya waya iliyounganisha ghala na jiko tangu enzi shamba lilipofuga ng'ombe, akauliza yuko wapi.

Mwanzoni cheche zilikuwa za aibu, urefu wa kiganja. Akabadilisha kapasita, akasogeza kibanio cha kuoanisha sauti kwenye shaba, wapi! Kumbe tatizo ni waya wa ardhi: udongo wao ni mchanga mtupu, haunywi umeme. Ndipo alipoikumbuka nguzo ya chuma katika bonde la matope nyuma ya ghala, iliyozama ardhini hata haijulikani inaishia wapi. Siku waliyonunua shamba waliambiwa jambo moja tu, wasiing'oe. Naye hakuing'oa. Aliisugua kutu, akaifunga waya, akawasha, na cheche zikaruka mita nzima. Kesho yake namba ikaanza kushuka.

"Nani anaingia ghalani kwangu?" alimuuliza Vibeke mezani, akipaka siagi mkate mweusi bila kumtazama.

"Mimi niingie huko nikafe? Una akili kweli, mzee?"

"Sakafuni kuna matope."

"Fagia, basi." Kisha Vibeke akashusha sauti. "Na mimi nikuulize. Siku hizi viatu unavulia wapi? Nasikia harufu ya bondeni. Na sufu mbichi, kama koti la mtu aliyenyeshewa. Jana ilifika uani, leo iko kwenye ngazi ya mlango."

Moyoni Asger alisema, huyu ananizunguka. Akanunua kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Kesho yake kufuli lilikuwa salama, namba imeshuka zaidi, na sakafuni kulikuwa na dimbwi dogo la maji meusi pembeni ya mnara.

Maji yalinuka bondeni, basi akaenda kuiulizia ile nguzo kwa bibi Johanne aliyewauzia shamba, ajuza wa miaka tisini na moja, anayeishi katika nyumba ya wazee mjini. Bibi alisikiliza habari za mnara na dimbwi, kisha akamsimulia taratibu, kama anayesoma barua. Chini ya ile nguzo amelazwa mtu aliyekuwa akihamisha mawe ya mipaka ili ale mashamba ya jirani. Alipokufa hakutulia, akawa anarudi, mpaka padri wa zamani hizo akamsomea akamzamisha bondeni na kumgongelea chuma juu. Tangu hapo kila mwaka hujivuta kuelekea nyumba ya shamba, iliyokuwa yake, hatua moja ya jogoo, haizidi.

"Umeing'oa?" aliuliza bibi.

"Sijaing'oa. Nimefunga waya tu."

Bibi aliweka kikombe chini. "Mwanangu, umemtupia kamba. Kila ukiwasha, anapata hatua za miaka mia. Huenda na kurudi kama mbuzi kambani, maadamu moto unawaka. Siku utakayozima akiwa mbali, hapo alipo patakuwa nyumbani kwake. Kaufungue waya leo, angali ghalani, kisha mwite padri."

Ndani ya gari Asger alikusudia kweli kuufungua ule waya. Lakini njiani akakumbuka kwamba kila Alhamisi Vibeke humpelekea bibi huyo keki. Ahaa. Wanawake wamekaa wakaipika hadithi, na yeye ameletewa kwenye sahani! Hasira ilikuwa tamu kuliko hofu, akaichagua hasira.

Alipofika alikirudisha kibanio palepale pa siku ya kwanza, pa ghala tupu, akapiga simu. Vibeke alikuwa jikoni, anamenya viazi. Akamwambia asitoke humo, haidhuru asikie nini. Kisha akawasha.

Cheche zilitoka fupi, za aibu, kama alivyotarajia, kwa kuwa sauti ya mnara ilikuwa imeshuka, na Asger akasimama kwenye swichi yake akiangalia kila pembe amwone huyo anayeishusha, akasikia harufu ya sufu mbichi ikimpita usoni polepole kuelekea mlangoni, na hapohapo, bila yeye kugusa kitu, cheche zikarefuka, zikafika mita, zikapita mita, zikalamba boriti za paa zikiunguruma hata akacheka kwa furaha, kwa maana sasa koili imeoana, ghala ni tupu, hakuna tena mtu aliyesimama karibu, na kicheko kilikuwa bado mdomoni alipojiuliza huyo mtu ameenda wapi.

Akazima. Kidole cha fundi hukimbilia kuzima kabla akili haijauliza. Akanyakua simu.

"Vibeke, uko wapi?"

"Jikoni." Alinong'ona. "Asger, mbona unanipigia na huku umesimama hapa mlangoni unadondosha maji?"

"Siyo mimi."

Asger alisikia pumzi za mkewe, fupi fupi.

"Basi usiwashe," alisema Vibeke. "Kati yangu na yeye kuna meza tu. Mashine iliponyamaza ndipo aliposimama; ukiwasha atasogea."

Asger alitazama swichi iliyozimwa. Aliona wazi kwamba amemsimamisha yule mtu mbele ya mke wake, na kwamba hana njia ya kumrudisha. Simuni kiti kilivutwa sakafuni, kikalia chini ya uzito wa aliyekikalia. Kisha akamsikia Vibeke, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa adabu tangu utoto, akimuuliza mgeni kama atakunywa kahawa.