Mshiriki Aliyejitoa

Siku ile Msomi alimsikia mama yake akicheka ndani ya chumba cha kompyuta, kile kicheko chake kinachoanzia tumboni na kuishia kwenye kikohozi. Naye akatabasamu bila kujua kinachochekwa. Akapita na kikombe chake cha chai, akachungulia dirishani, akamwona mama huyohuyo uani akianika nguo, vibanio vimebanwa midomoni, hacheki wala hasemi.

Akasimama. Chumbani kukawa kimya. Kilichobaki ni harufu ya mafuta ya cherehani, na nyumba ile haikuwa na cherehani.

"Mama, ulikuwa humu ndani sasa hivi?" aliuliza kutoka mlangoni.

Mama akatoa vibanio mdomoni. "Niwe humo nafanya nini, Daktari wangu? Hilo dude lako hata kuliwasha silijui. Au umeanza kusikia vitu? Nilikwambia, kusoma sana kunakausha ubongo."

Majirani walimwita mama huyo Redio, kwa sababu alianza kusema kabla jua halijatoka na hakunyamaza hadi usingizi umnyamazishe. Binti yake wa pekee walimwita Msomi. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akimwita Daktari, miaka mingi kabla chuo hakijafikiria kumpa cheo hicho, na sebuleni alikwisha kupigilia msumari kwenye ukuta mtupu, akisubiri picha ya joho.

Msomi hakuwa mtu mbaya. Heri tukubaliane mapema, maana huko mbele utashawishika kusema vingine.

Utafiti wake ulihusu sauti za watu waliopandwa na majini: namna koo la mwanamke mwembamba linavyoweza kutoa sauti nzito kuliko ya mlinzi wa getini. Alikuwa akienda kurekodi nyumbani kwa mganga mmoja, mwanamke mtu mzima asiyependa maneno mengi. Kila mgonjwa alimsomea kwanza maelezo yaliyopitishwa na kamati ya maadili ya utafiti ya chuo: kushiriki ni hiari, anayetaka kujitoa atajitoa wakati wowote, na sauti yake itafutwa.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa fundi cherehani, mwanamke mpole ambaye jini lake lilimpanda akiwa kwenye mashine, mguu ukaendelea kukanyaga ilhali mwenyewe hayupo. Fundi alisikiliza maelezo, akaridhia. Lakini siku alipopandwa mbele ya kinasa sauti, neno la kwanza lililotoka lilikuwa hili: "Mimi sikuulizwa. Zima hicho."

Msomi hakuzima. Sauti ikaendelea kunena, nzito, ya taratibu, yenye hasira ya mtu mzima aliyedharauliwa, naye akaiacha imiminike yote. Profesa aliyekuwa akimsimamia alipoisikia alisema hajapata kukutana na kitu kama hicho maishani. Akaomba nakala, akawagawia na wenzake. Tasnifu nzima ikajengwa juu ya sauti ile.

Wiki chache baadaye Fundi alimfuata ofisini chuoni, kavaa nguo za kutokea, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Dada, nimekuja kujitoa. Si ulisema inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa. Kwani kuna tatizo gani?"

"Mimi sina tatizo. Mwenyewe ndiye hataki. Anasema sauti yake imefungiwa, na yeye akifungiwa chake hufunga cha mtu. Naomba uifute, dada yangu."

Msomi akatoa kinasa sauti, akambonyezea kitufe cha kufuta mbele ya macho yake. "Basi. Imeshafutika."

Fundi akashukuru, akamwombea heri katika masomo. Kwenye kompyuta ya nyumbani nakala ilikuwepo, na kwa Profesa ilikuwepo. Msomi akajiambia kile wanachojiambia watafiti wakibanwa: jina halimo, uso haumo, nani atamtambua? Lakini zile shukrani zilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na hakuna chakula kilichoweza kuziteremsha.

Ndiyo hali aliyokuwa nayo siku ya kicheko. Baada ya hapo sauti ya mama ikaanza kukwaruza. Majirani wakafurahi kupata la kusema. "Redio imeisha betri," walisema juu ya ukuta wa uani, na mama akawajibu kwa sauti iliyochakaa kuwa akipata mpya watajuta. Zahanati wakampa dawa ya koo. Haikusaidia. Na kila jioni, Msomi alipokaa kuiandika ile sauti neno kwa neno, akiirudisha nyuma na kuisikiliza tena, harufu ya mafuta ilijaa chumbani, na kutoka nyuma ya ukuta ukasikika mguu ukikanyaga cherehani, taratibu, kama mtu anayeshona akiwa na mawazo mengi.

Siku moja mama alikuwa jikoni anaimba kwa lile koo bovu. Msomi akabonyeza kitufe, sauti ya jini ikaanza, na jikoni wimbo ukakatika katikati ya neno. Akasimamisha. Wimbo ukaendelea, lakini umepungua, kama umetoka nyumba ya jirani. Hapo mtu mwenye akili zake angekimbia. Mtafiti ni mtafiti: jambo likitokea mara moja hawezi kulisema, lazima alirudie. Akabonyeza tena. Wimbo ukakatika. Akasimamisha, akasubiri, na jikoni hakukuwa na wimbo tena, palikuwa na sufuria inayochemka tu. Alipokwenda alimkuta mama amejishika shingo, anafumbua mdomo na kuufumba, macho yanamuuliza mwanawe nini kimetokea.

"Ni koo tu, Mama. Litapona," alisema, na roho ikamsuta palepale, kwa kuwa alikuwa amekwisha kupata jibu la jaribio lake, na alilipata kwa kutumia kilichokuwa kimesalia.

Akaenda kwa mganga, akamweleza yote, uso chini.

"Fundi hajapandwa tena tangu alipokuja kwako," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Nikashangaa limehamia wapi. Kumbe limefuata sauti yake."

"Nifanye nini, mama?"

"Ulichoahidi. Futa. Si kwako tu, popote ilipo. Ikifutika yote litamrudishia mama yako sauti yake na kwenda zake. Lakini ujue jambo moja. Siku ukiitoa mbele ya wakubwa wenu, wakaisikiliza na kuipokea kuwa ni mali yenu, itakuwa imeshauzwa. Haitarudi, wala ya mama yako haitarudi."

Kufuta kwake kulikuwa rahisi. Nakala za Profesa na za wenzake zisingefutwa ila kwa amri ya kamati ya maadili, na kamati isingetoa amri mpaka aeleze alichokifanya. Akieleza, tasnifu imekufa, na siku ya kuitetea ilikuwa imekaribia. Alikwenda hadi mlango wa kamati, akagonga. Katibu akafungua.

"Karibu. Tukusaidie nini?"

"Samahani," alisema Msomi. "Nimekosea mlango."

Jioni ile aliketi na mama kwenye meza ya jikoni, akamshika mkono. Alikuwa amejiambia atamweleza kila kitu. Maneno yakatoka mengine.

"Mama, kuna tiba ya koo lako. Lakini nikiifuata sasa, itabidi niache masomo. Au nimalize kwanza, halafu tuone. Wewe unasemaje?"

Mama hakufikiri hata kidogo. Akatikisa kichwa kukataa neno la kuacha, akaubana mkono wa binti yake, akanyoosha kidole sebuleni, kwenye ule msumari. Akatabasamu. Msomi akalia kwa kuona haya, na mama akadhani analia kwa furaha, akampangusa machozi kwa upindo wa kanga. Neno la mganga kwamba sauti haitarudi hakulitamka. Alimsomea mama yake maelezo nusu, akachukua ridhaa nzima.

Kesho yake mvua ilifunga mapema na nyumba ikawa na kiza kabla ya magharibi. Msomi aliporudi, alisikia cherehani tangu getini, si taratibu tena bali kwa kasi, kama fundi anayewahi nguo ya mteja, na kadiri alivyopita sebuleni na kushika njia ya chumbani harufu ya mafuta ikachanganyika na harufu ya kitambaa kilichoungua, na mlango ulikuwa wazi kidogo, na ndani alimwona mama yake ameinama gizani, amebandika sikio kwenye spika ya kompyuta ambayo waya wake ulikuwa umelala sakafuni, haukuchomekwa popote, na kutoka ndani ya spika hiyo sauti ya mama mwenyewe, ile ya zamani, ile nzima ya kuamshia mtaa, ilikuwa ikinong'ona haraka haraka, ikimweleza jambo refu, na mama alikuwa akilisikiliza kama mtu anayepewa habari ya msiba, machozi yakimchirizika hadi kidevuni, akiitikia kwa kichwa, akiitikia, mpaka aliposikia hatua za mwanawe akageuka na kumtazama.

Cherehani ikanyamaza. Mama akainuka, akampita mlangoni bila kumgusa, akaenda jikoni kumpakulia chakula.

Alikuwa ameambiwa lile alilofichwa. Msomi alijua. Usiku mzima alingoja mama amkatalie, hata kwa kidole, hata kwa jicho. Asubuhi alikuta nguo yake ya utetezi imepigwa pasi, na mama amekwisha kuvaa gauni lake jipya, tayari kumsindikiza.

Chumba cha utetezi kilikuwa na meza ndefu, Profesa upande mmoja, mtahini aliyetoka chuo kingine upande wa pili, na katikati yao mwanamke wa makamo, mjumbe wa kamati ya maadili. Mama aliachwa nje kwenye benchi, akaonekana kupitia kioo cha mlango. Msomi alizungumza vizuri. Hata alijishangaa.

"Tusikilizishe basi hiyo sauti yenyewe," alisema mtahini. "Tumeisoma, sasa tuisikie."

Bado angeweza kusema. Akamtazama Profesa aliyekuwa akimpa moyo kwa kichwa, akabonyeza.

Haikuwa sauti nzito. Ilikuwa sauti ya mama yake.

"Daktari wangu," ilisema, safi, haina mkwaruzo. "Huku ni giza, mwanangu. Huku kuna wengi. Nimekuja mwenyewe, usilie, lakini sikujua ni mbali hivi. Kama bado unaweza, nitoe."

Ikaisha. Profesa alikunja uso kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichokumbuka vingine, kisha akaitikia pamoja na wengine. Mtahini alivua miwani na kufuta macho.

"Ni ya pekee," alisema. "Kwa kweli tunaipokea. Hongera."

Msomi aligeukia mlango. Nyuma ya kioo mama alikuwa amesimama, gauni lake limenyooka, anamtazama yeye tu, na midomo yake ilikuwa ikicheza bila kutoa sauti.

Mjumbe wa kamati ya maadili alifungua kalamu. "Mimi nina swali moja la kawaida, tumalize. Huyu mshiriki tuliyemsikia, alielezwa kila kitu kabla? Na aliridhia mwenyewe, bila kushurutishwa?"

Msomi akayaondoa macho kwenye kioo.

"Ndiyo," alisema Msomi. "Alielezwa. Akaridhia."